Samaki wa Akwariamu Hawazaliani: Tafuta Hatua Iliyokwama

Malalamiko huwa ni yale yale. "Miezi sita sasa, hawajataga hata yai moja." "Jana niliona mayai, leo asubuhi hakuna kitu." "Walianguliwa wengi sana, wiki haijaisha wamebaki watatu." Na mara nyingi anayeuliza ameshabadilisha maji yote, amehamisha mawe, ametia dawa na kuongeza dume mwingine, yote hayo ndani ya siku nne. Hapo hata wakitaga hatajua nini kilisaidia.

Uzazi wa samaki una hatua zake: wazazi kuwa tayari, kutaga na kurutubisha, yai kuanguliwa, kisha kifaranga kupata mlo wa kwanza. Mambo hukwama kwenye hatua moja. Itafute hiyo, rekebisha kitu kimoja tu, halafu subiri angalau wiki kabla ya kugusa kingine. Isipokuwa pale maji yenyewe yanapokuwa na sumu, hilo halisubiri.

Kabla ya yote, hakikisha una kipimajoto, vipimo vya amonia, nitriti na nitrati (zitokanazo na uchafu wa samaki) na pH (kiwango cha asidi ya maji), na daftari la kuandika tarehe. Pia ujue samaki wako ni wa kundi gani. Gapi, moli na plati huzaa vifaranga walio hai. Danio, tetra na samaki wa dhahabu hutawanya mayai na kuyaacha. Enjeli hubandika mayai kwenye jani au kioo na kuyalinda. Beta hujenga kiota cha povu juu ya maji. Mbuna wa Ziwa Malawi huatamia mayai mdomoni. Ushauri unaofaa kundi moja unaweza kuliua jingine, kwa hiyo usichukue maelezo ya jirani mwenye gapi ukayapeleka kwa tetra wako.

Wana afya, wanakula, lakini hawatagi

Sababu ya kwanza inayojirudia kuliko zote: hakuna dume, au hakuna jike. Kwa gapi ni rahisi, maana dume ana pezi la chini lililochongoka kama kijiti, na la jike limetanuka kama upepeo. Kwa koridora, kambale wadogo wa sakafuni, watazame kutoka juu, majike ni wapana zaidi. Kwa enjeli ni vigumu mno. Majike wawili wa enjeli wanaweza kushikana kama mke na mume, wakasafisha jani pamoja, wakataga pamoja, na mayai yote yakageuka meupe kwa sababu hakuna aliyeyarutubisha. Ndiyo maana kwa enjeli ni heri ukuze wadogo sita hivi pamoja, uwaache wachaguane wenyewe. Jozi iliyojichagua utaijua mara moja: wawili hao hutenga kona yao na kuwafukuza wengine wote.

Umri nao. Gapi huwa tayari akiwa na miezi miwili au mitatu, enjeli hukaribia mwaka, samaki wa dhahabu kwa kawaida hupita mwaka. Beta mzee, hata awe na mapezi mazuri namna gani, mara nyingi hajengi tena kiota.

Baada ya hapo angalia chakula. Chakula kikavu cha kopo kinamweka samaki hai, lakini jike anayetakiwa kujaza tumbo mayai anahitaji zaidi ya hicho. Kwa wiki mbili wape chakula hai au kilichogandishwa: viluwiluwi vya mbu, viroboto wa majini, atemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi). Wape kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, na ondoa kinachobaki. Kama inawezekana, tenga dume na jike kipindi hicho kisha uwakutanishe. Mimi nikiambiwa nichague badiliko moja tu kwa mtu ambaye samaki wake hawatagi, nachagua hili.

Kisha maji. Amonia na nitriti lazima viwe 0, si "kidogo tu". Nitrati ikipanda juu ya miligramu 40 kwa lita, samaki wengi huishi bila kuonyesha shida, lakini uzazi hudorora. Ongeza ubadilishaji wa maji: asilimia 25 hadi 30 kila wiki, yakiwa yametolewa klorini. Joto liwe la aina husika. Beta na enjeli wanapenda nyuzi 26 hadi 28, na samaki wa dhahabu ni wa maji baridi, hutaga joto linapopanda kuelekea nyuzi 20 baada ya kipindi cha baridi. Samaki wa dhahabu anayewekwa kwenye maji yenye joto lile lile mwaka mzima hukosa ile ishara ya kwamba msimu umefika.

Utulivu husahaulika. Tangi lililo karibu na mlango unaobamizwa, taa inayowaka hadi usiku wa manane, samaki wakali ndani ya tangi moja na wapole: yote haya yanazuia. Washa taa kwa muda wa saa 10 hadi 12 kwa siku, na uzizime saa ile ile kila siku. Wape pia mahali pa kutagia. Enjeli anataka kitu bapa kilichosimama wima, danio anataka mimea myembamba au nyuzi za sufi, beta anataka maji yaliyotulia ili povu lisivunjike. Pampu ya hewa ikivuruga uso wa maji, beta hatajenga kitu.

Yote hayo yakiwa sawa na bado kimya, jaribu kichocheo cha kuiga mvua, ambacho kwa koridora hufanya kazi vizuri sana. Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji baridi kidogo, nyuzi 2 hadi 4 chini ya yale yaliyomo. Fanya jioni, rudia kesho yake. Koridora wanaofikiria kutaga huanza kukimbizana kwenye kioo, kisha jike hutulia mbele ya dume wakaunda umbo la herufi T. Muda mfupi baadaye utamwona jike akipanda kwenye kioo akiwa amekumbatia mayai machache kwa mapezi ya tumboni, akichagua mahali, akiyabandika, akishuka kuanza tena.

Ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yaliyomo, uwe wa mwisho kuushughulikia, maana ndio wenye hatari. Tetra neoni huhitaji maji laini sana yenye pH ya 5.5 hadi 6.5 ili mayai yaanguliwe. Kwenye maji magumu wanaweza kutaga, lakini hupati kitu. Njia salama ni kuchanganya maji yako na maji yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa madini, taratibu, kwa siku kadhaa. Usimimine asidi au kemikali ya kushusha pH ndani ya tangi lenye samaki. pH ikiruka kwa ghafla inawadhuru kuliko pH isiyo bora wanayoizoea.

Dume anamrarua jike

Kwa beta na mbuna hili ni la kawaida. Kwa beta, mweke jike kwanza ndani ya chupa ya kioo katikati ya tangi, waonane bila kugusana kwa siku moja au mbili. Jike aliye tayari huonyesha mistari ya kusimama wima ubavuni na nukta nyeupe chini ya tumbo. Asipoonyesha, usimfungulie. Kwa mbuna weka majike kadhaa kwa dume mmoja, watatu na kuendelea, ili ukali usimwangukie mmoja.

Mapezi yaliyochanika kidogo hupona kwa maji safi. Ukiona nyama wazi, au jike amejibanza juu ya maji akihema kwa kasi, mtoe saa hiyo hiyo. Hakuna kiota kinachostahili maisha yake.

Jambo moja hapa, maana limewafanya wengi wakatize kazi njema. Beta wanapotaga, dume hujiviringisha kumzunguka jike, wakabanana hivyo kwa muda. Akimwachia, jike huelea ubavu kama amekufa. Hajafa. Wakati huo mayai yanashuka polepole kama punje za chumvi, na dume anayakimbilia, anayadaka kwa mdomo moja moja, anayapuliza kwenye povu. Jike akizinduka wanarudia, mara nyingi, kwa saa kadhaa. Usiguse tangi.

Tumbo la jike limevimba wiki nyingi, hazai wala hatagi

Anza na hesabu. Gapi hubeba mimba siku 21 hadi 30 hivi, na maji yakiwa baridi muda unarefuka. Kama hukuandika tarehe, subiri mwezi mzima. Doa jeusi karibu na tundu la haja linapozidi kuwa kubwa na tumbo linapokuwa na pembe kama sanduku, siku ziko karibu.

Kisababishi kinachofuata ni chakula kingi au kuvimbiwa. Mnyime chakula siku mbili, kisha mpe vipande vidogo vya njegere iliyochemshwa na kumenywa. Tumbo likipungua, haikuwa mimba.

Kuna pia jike anayeshikilia mimba kwa sababu ya hofu, hasa akihamishiwa kwenye kile kisanduku kidogo cha kuzalia siku nyingi kabla ya wakati. Mrudishe tangini penye mimea mingi. Vifaranga watajificha humo.

Simama hapa: mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama nje kama koni ya msonobari, hiyo si mimba wala mayai. Ni maji yaliyojaa mwilini, dalili ya figo au viungo vya ndani kushindwa kazi. Mtenge na umwone daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki. Wengi hawaponi, na ni vyema ulijue hilo mapema. Usitie antibiotiki kwa kubahatisha: zinaweza kuua bakteria wema wa kichungi wanaoondoa amonia, amonia inapanda, na unawapoteza hata waliokuwa wazima.

Mayai yanageuka meupe

Kwanza angalizo: mayai ya beta ni meupe tangu yanapotoka. Usiyatupe. Kwa enjeli, koridora na danio, yai zima huwa angavu au lenye rangi ya asali, na jeupe lisilopenya mwanga limekufa.

Yote yakigeuka meupe ndani ya siku moja, hayakurutubishwa. Rudi kwenye swali la dume. Kama dume yupo, huenda ni mchanga, au mkondo wa maji una nguvu mno na unasomba mbegu kabla hazijafika. Punguza mkondo, wape nafasi nyingine.

Yakianza machache kisha nyuzinyuzi kama pamba zikaenea kwa majirani, huo ni ukungu. Ukungu huanzia kwenye yai lililokufa. Toa yale meupe kwa bomba la kudondoshea dawa, weka jiwe la hewa (linalotoa mapovu) karibu ili maji yatembee juu ya mayai bila kuyarusha. Kama wazazi ni wa kulinda, watazame kwanza: enjeli anayepepea mayai kwa mapezi na kung'oa mabovu anafanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wako.

Ukilazimika kutia dawa, methilini bluu ndiyo inayotumika sana kwa mayai. Itumie kwenye chombo cha pembeni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, bila kichungi cha kibayolojia, maana huua bakteria wake. Mayai yakishaanguliwa anza kuiondoa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo.

Mwanga nao una lake. Mayai ya tetra neoni huharibiwa na mwanga, kwa hiyo funika tangi kwa karatasi nyeusi mara tu wanapomaliza kutaga.

Mayai yalikuwepo, sasa hayapo

Yameliwa. Swali ni nani.

Danio na samaki wa dhahabu hula mayai yao wenyewe dakika ile ile. Tandaza gololi za kioo sakafuni, safu mbili, au weka wavu juu kidogo ya sakafu ili mayai yapite na wazazi wabaki juu. Danio hutaga alfajiri mwanga unapoingia, basi waingize jioni na uwatoe asubuhi.

Kwa enjeli wachanga, kula mayai ya kwanza na ya pili ni jambo la kutarajia. Wape nafasi nne au tano kabla hujaamua kuwatenga na mayai. Taa ndogo hafifu usiku huwasaidia kuwaona wezi, kwa sababu kambale wadogo na samaki wengine wa usiku hufanya kazi yao gizani.

Kwa beta, mara nyingi ni jike ambaye hakutolewa baada ya kutaga. Mtoe pale dume anapoanza kumfukuza kutoka kwenye kiota.

Mbuna ni habari nyingine, kwani mayai huwa mdomoni. Jike anayeatamia koo lake limejaa, hali chakula, na ukimkaribia kwa taa utaona anatafuna polepole bila chakula, anayazungusha mayai. Hubeba hivyo karibu wiki tatu. Akionekana anakula siku ya tano, amemeza. Majike wachanga humeza mara mbili tatu za mwanzo, na anayekimbizwa na dume humeza pia. Ongeza mapango na mawe. Ukitaka kumhamisha, fanya usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa chombo badala ya wavu, maana wavu humfanya ateme.

Vifaranga wanakufa ndani ya wiki ya kwanza

Hapa ndipo wengi hupotea, na mara nyingi ni njaa. Inauma kwa sababu mfugaji anaapa kwamba alikuwa anawalisha. Aliwalisha, lakini chembe za chakula zilikuwa kubwa kuliko midomo yao.

Fuata mpangilio. Kifaranga aliyeanguliwa leo ana kifuko cha kiini tumboni na hahitaji chochote. Ukimpa chakula unachafua maji tu. Mayai ya beta huanguliwa baada ya saa 24 hadi 48, vifaranga wakaning'inia kichwa juu mkia chini kwenye povu, na siku mbili au tatu baadaye wakaanza kuogelea sambamba. Siku hiyo ya kuogelea ndiyo siku ya chakula, si kabla wala si kesho yake. Mtoe dume pia.

Kwa beta na tetra, chakula cha kwanza ni infusoria, wale viumbe wadogo wasioonekana vizuri kwa macho. Waandae mapema, wakati mayai hayajatagwa. Jaza chupa maji ya tangi, tia kipande cha jani la saladi, weka penye mwanga. Maji yatachafuka na kunuka, kisha baada ya siku kadhaa yataanza kung'aa tena. Kung'aa huko ndiko ishara: infusoria wamewala bakteria. Maji yakiwa bado meupe na yananuka, usiyatumie.

Kinachofuata ni atemia aliyeanguliwa. Changanya gramu 25 za chumvi kwa lita ya maji, nyuzi 26 hadi 28, hewa nyingi, mwanga. Ndani ya saa 24 hadi 36 wanatoka. Zima hewa, acha maganda yaelee juu, wavute waliokusanyika kwenye mwanga chini, wasuuze chumvi kwenye kitambaa chenye matundu madogo. Gapi na enjeli wanawala tangu siku ya kwanza ya kuogelea. Baada ya kulisha, chukua tochi na lenzi utazame matumbo: yakiwa na rangi ya chungwa na duara, wameshiba. Tumbo bapa lenye uwazi saa moja baada ya mlo lina maana hawakula.

Kama matumbo yamejaa na bado wanakufa, pima amonia. Chakula kilichooza sakafuni ni sumu kwa kifaranga kabla hujanusa harufu yoyote. Nyonya uchafu kwa mpira mwembamba kila siku, ongeza maji mapya ya joto lile lile taratibu, kwa matone. Kichungi kiwe cha sponji, tena kilichokwisha kuzoea tangi jingine. Kichungi chenye mdomo wazi huwavuta wote usiku mmoja.

Vifaranga wa beta wana hatari yao ya pekee. Kuanzia wiki ya tatu hivi wanajenga kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Hewa hiyo ikiwa baridi kuliko maji, unaweza kuwapoteza wengi kwa mpigo. Funika tangi vizuri, na uifungue mifuniko kwa uangalifu wakati wa baridi.

Umeme: chomoa hita na pampu kabla ya kuingiza mkono. Ukitaka kushusha maji, acha hita ipoe dakika 15 kwanza, kioo chake hupasuka kikikutana na hewa kikiwa moto. Ukihisi mshtuko hata mdogo, zima swichi kuu, usiguse tangi, ita fundi umeme.

Vifaranga vilema, au hawakui

Uti wa mgongo uliopinda kwa wachache ni kawaida. Kwa wengi, kizazi baada ya kizazi, ni ndugu wanaozaliana. Leta dume wa ukoo mwingine. Wasiokua wamebanana au maji hayabadilishwi. Wanaotambaa sakafuni kwa tumbo bila kuinuka mara nyingi walilishwa kupita kiasi mapema kwenye maji machafu, na hawarekebiki.

Wewe mwenyewe umepata kinundu mkononi

Kidonda au vinundu kwenye vidole au mkono, visivyopona kwa wiki kadhaa, vinaweza kutokana na bakteria wa majini aitwaye Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko. Nenda hospitali, na mwambie daktari wazi kwamba unafuga samaki. Bila hilo ni rahisi kutibiwa ugonjwa mwingine. Vaa glavu ukiwa na jeraha.

Wamezidi nafasi

Hili ni tatizo la aliyefanikiwa, nalo huja haraka kwa gapi. Tenga madume na majike mapema, lakini ujue jike huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi kadhaa, hivyo ataendelea kuzaa hata akiwa peke yake. Wagawe kwa wafugaji wengine, au acha wazazi pamoja na vifaranga ili idadi ijirekebishe. Usiwamwage mtoni, bwawani wala mferejini. Gapi wameshasambaa hivyo katika nchi nyingi na kuwabana samaki wa asili, na wagonjwa hupeleka magonjwa yao huko. Kama huna pa kuwapeleka, simamisha uzazi sasa: ondoa mimea ya kujifichia, na majike wapya wasikutane na dume hadi tangi jingine liwe tayari.